Na sisi tunazikana

Daftari letu ni lile la jalada gumu linalouzwa duka lolote la mtaani. Ndani yake hakuna jina la mtu hata mmoja. Kuna Nguru, Kibua, Tasi, Pono, na wengine wa baharini. Majina hayo tulipeana siku ya kwanza, mwaka 2015, kwa sababu aliyeleta wazo la mchezo, yaani kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, alikuwa anakaanga samaki pale Feri, na kwa sababu tulijua daftari likija kuangukia mkono usiofaa, huyo atakayelifungua asome samaki tu. Mimi ndiye mweka hazina. Tuko 12 sasa, wanawake saba na wanaume watano. Kila Jumapili kila mmoja anatoa 10,000 ya mchezo na 2,000 ya mfuko wa jamii. Ya mchezo anaondoka nayo mwenye zamu siku hiyohiyo. Ya mfuko inaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake wanazo watu watatu wanaokaa mitaa mitatu tofauti.

Mwanamke yeyote wa Dar akifika hapa atasema, si hicho ni kikoba tu? Ndicho. Ila sisi wote 12 ni wapenzi wa jinsia moja.

Ninaandika haya kwa sababu nimesikia mno, saluni, kwenye daladala, hata msibani, kwamba vikundi vya watu kama sisi ni vyuo vya kufundishia ushoga na kwamba vimeletwa na Wazungu ili viharibu watoto. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa kwenye kikao chetu. Wangekaa wangechoka, maana saa nzima tunabishana nani kachelewesha mchango.

Chukua habari ya nyumba. Kibua alikaa chumba kimoja miaka mitatu bila ugomvi na mtu. Kodi alilipa, luku alichangia, zamu ya kusafisha choo hakuiruka. Jirani akasema neno, neno likafika kwa mama mwenye nyumba, na saa nne usiku godoro la Kibua liko barazani. Chumba cha 60,000 kwa mwezi katika jiji hili hukipati kwa 60,000. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, dalali anataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, kwa hiyo ni 420,000 kabla hujaingiza hata ndoo. Mfuko wetu unakusanya 24,000 kwa wiki. Hizo ni karibu wiki 18 za watu 12 kujibana ili mtu mmoja apate mlango wa kufunga. Alilala kwangu mpaka pesa ilipotimia, kwenye mkeka kati ya cherehani na ukuta. Watu huniuliza kwa nini hakurudi kwao. Kwao ndiko alikofukuzwa kwanza.

Au chukua habari ya Tasi, aliyepigwa na vijana usiku mpaka mkono ukavunjika. Hospitali tuliyompeleka walituuliza PF3. Fomu hiyo inatolewa kituo cha polisi, na polisi watataka kujua umepigwa na nani, mlikuwa na ugomvi gani. Sasa mtu aeleze nini? Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayefanya tendo la ndoa “kinyume cha maumbile” adhabu yake ni kifungo cha maisha, na kisipungue miaka 30. Mtu aliyevunjwa mkono anaona kama anakwenda kujishtaki. Tulikaa kwenye benchi, Tasi ameushikilia mkono kwa kanga yangu, mpaka tukakubaliana aseme walimpora simu. Simu kweli walikuwa wamechukua. Nguru akaenda naye kituoni, maana Nguru ni mtu mzima, ana sauti ya upole na anajua kuamkia watu.

Kazi ya kikundi chetu ndiyo hiyo: mtu wa kukusindikiza kwa sauti ya upole saa nane za usiku.

Kuhusu hiyo sheria, naomba niseme jambo. Maneno “kinyume cha maumbile” hayakutungwa Uswahilini. Waingereza waliyaandika kwenye sheria ya India mwaka 1860, wakayatembeza makoloni yao, na Tanganyika ikayapokea. Makali ya miaka 30 tuliyaongeza wenyewe mwaka 1998, kwa ile Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Zanzibar mwaka 2004 ikaenda mbele zaidi na kuwataja wanawake kwa wanawake waziwazi, kifungo hadi miaka 5. Hata hivyo sheria hizo, pamoja na ukali wake, zinazungumzia tendo, na ile ya Zanzibar pia kuishi pamoja kama mume na mke. Kuchangiana kodi ya nyumba hazikutaja. Kumpelekea mgonjwa uji hazikutaja. Na Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 20, inampa kila mtu uhuru wa kukutana na wenzake kwa amani na kushirikiana nao.

Wenzetu wa Afrika wameliona hilo. Botswana, Mahakama ya Rufani iliamuru mwaka 2016 kwamba LEGABIBO, chama cha wapenzi wa jinsia moja, kisajiliwe, na wakati huo sheria ya kuadhibu tendo ilikuwa bado hai. Ilikuja kufutwa na Mahakama Kuu mwaka 2019, na serikali ikashindwa rufaa yake mwaka 2021. Kenya nako, Februari 2023, majaji watatu wa Mahakama ya Juu dhidi ya wawili walisema wapenzi wa jinsia moja wana haki ya kusajili chama chao kama raia wengine. Kesi hiyo ilichukua takriban miaka 10. Sheria ya Kenya inayoadhibu tendo haikuguswa na hukumu hiyo, na majaji wale hawakumwambia mtu yeyote abadili dini yake wala apende asichokipenda. Nami siombi zaidi ya hapo. Anayeamini mapenzi yangu ni dhambi aendelee kuamini. Aniache tu nichange 2,000 yangu.

Hapa kwetu mambo yalikwenda upande mwingine. Februari 2017 Wizara ya Afya ilifunga vituo 40 vilivyokuwa vikitoa huduma za VVU kwa makundi maalumu, kwa madai kwamba vinahamasisha ushoga. Oktoba mwaka huohuo polisi waliingia kwenye hoteli moja hapa Dar wakakamata watu 13, wakiwemo mawakili kutoka Afrika Kusini, waliokuwa wamekaa kuzungumzia namna ya kwenda mahakamani juu ya kufungwa kwa vituo hivyo. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa wakati ule akatangaza kikosi cha kuwasaka watu kama sisi na kuwaomba wananchi wampelekee majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilisema hayo ni maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Tamko hilo lilitufikia tumekwisha kutawanyika. Pono alikwenda kwa bibi yake kijijini na hakurudi mpaka Januari. Mimi nilifuta picha zote za miaka minne kwenye simu, hata za watoto wa dada yangu, kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka na sikuwa na subira ya kuchagua.

Sanduku lilikaa chini ya cherehani, limefunikwa vitambaa. Jumapili tatu hatukukutana. Ya nne, watu wakaanza kutuma michango kwa simu, bila maelezo yoyote.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo naona wenzangu hawapendi kulisikia. Kipindi kile nilijua vikundi kadhaa vilivyokuwa na ofisi, viyoyozi, fulana zenye nembo, na posho ya kikao. Pesa ya mfadhili ilipokatika, kikundi nacho kikakatika, na wanachama wakabaki hawana hata namba za simu za wenzao kwa sababu zilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi. Sisemi wafadhili ni wabaya. Dawa zilikuja kwa pesa hizo na watu waliishi. Lakini kikundi kinachosubiri posho ndipo kikutane hakitakutana siku ya hatari.

Kuna na hili. Pesa hizo karibu zote zilikuja kwa jina la UKIMWI, na kwa hiyo zilikuja kwa wanaume. Mwanamke anayependa wanawake hakuwa kwenye hesabu. Nguru aliwahi kwenda kuomba nafasi kwenye mafunzo ya ujasiriamali ya shirika moja, akaambiwa mradi ni wa wanaume walio kwenye hatari ya maambukizi. Alirudi akaniuliza, “Shoga, ili nihesabiwe lazima niugue kwanza?” Shida za wanawake wetu ni za aina nyingine: kuozeshwa kwa nguvu, kunyang'anywa watoto, kukosa mtaji. Kati yetu saba, wanne tuna watoto. Na tuseme ukweli, hata ndani ya kikundi ilitubidi tupigane. Kikao cha kwanza wanaume walikaa kwenye viti wakapanga katiba, sisi tuko jikoni tunapika wali. Cha pili tulikuja na vyakula vya kununua, tukakaa.

Nguru ameniita shoga, mmeona? Hilo ni neno la bibi zetu wa Pwani. Mwanamke kumwita mwenzake “shoga yangu” ni kumwambia wewe ni wa ndani kwangu, siri yangu unayo, na nikifa utanikosha. Siku hizi nawasikia wanawake wakilitaja kwa sauti ya chini kama wamekanyaga kitu. Linaniuma. Sitaliacha.

Nimebakiza habari ya Kolekole. Alikuwa wa kwanza kututoka. Dawa zake alikuwa anachukulia kituo kimojawapo kati ya vile 40. Kilipofungwa aliambiwa aende hospitali ya kawaida, na hospitali iliyo karibu naye shangazi yake ni muuguzi. Akasema atakwenda wiki ijayo. Alisema hivyo kwa miezi mingi. Tulipogundua alikuwa hawezi kupanda ngazi. Tukampa zamu yake ya mchezo mapema apate nauli na matunda, tukagawana siku za kumpelekea uji wodini, na katikati ya mwaka 2018 akafa.

Wanaume wetu walikwenda makaburini, wakapokezana jeneza na wajomba zake ambao walikuwa hawajamtia machoni kwa miaka. Sisi wanawake tulikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba tukimenya vitunguu. Kijana aliyekuwa na daftari la rambirambi akatufikia, akauliza aandike kina nani. Nikamwambia andika wana mchezo. Kabla ya kwenda kuzika msemaji wa familia alitangaza kama desturi, kwamba mwenye deni na marehemu ajitokeze. Kolekole alikuwa amebakiza wiki tano. Tukatazamana, hakuna aliyenyanyua mkono.

Baada ya arobaini mama yake akaja kwangu. Sijui alielekezwa na nani. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akafungua pindo la kanga yake na kutoa noti tano za elfu kumi.

“Mwanangu, nimesikia alikufa na deni lenu.”

Nikamwambia tumeshalisamehe, mama. Akasema deni la maiti halisamehewi kwa mdomo, andika. Nikalitoa daftari. Akataka kuona jina la mwanawe liko wapi, nikamwonyesha kwa kidole: Kolekole. Akalitazama kitambo.

“Huyu alikuwa hali samaki kabisa,” akasema. “Tangu mdogo.”

Nikaandika 50,000, na nikatia alama kwenye wiki zote tano huku ananiangalia.