Dokyumentari ya muziki ipimwe kwa wimbo

Dokyumentari nyingi za wanamuziki zina maradhi yaleyale. Wimbo unaanza, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha sauti inashushwa, anatokea mtu kwenye kiti kutueleza jinsi wimbo huo ulivyotikisa dunia. Tungeachwa tuusikie, tungejua wenyewe. Pesa inachangia: mwenye filamu hulipia haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na kadiri anavyoutumia wimbo kwa muda mrefu ndivyo gharama inavyopanda. Lakini zipo filamu zilizoupa muziki nafasi, na hizo ndizo ninazokusihi uzitafute.

Anza na Soul Power ya Jeffrey Levy-Hinte (2008). Ni tamasha la siku tatu la Kinshasa, Septemba 1974, lililopangwa kwenda sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba 30, tamasha likabaki palepale. Picha zake zilikaa miaka mingi bila kazi, kisha baadhi zikatumika katika When We Were Kings (1996), ambayo ni filamu ya ngumi zaidi. Levy-Hinte, aliyekuwa mmoja wa wahariri wake, akarudi kuuchukua muziki uliobaki. Hakuna msimulizi, hakuna mahojiano ya miaka ya baadaye. Mtazame Bill Withers: yeye na gita lake tu, kamera imemkaribia hadi jasho linaonekana. Kasoro yake kwetu ni kubwa, maana Franco na Tabu Ley, wenyeji wa jukwaa lile, wamepewa muda mfupi mno. Dawa ni albamu ya Zaïre 74: The African Artists iliyotoka 2017. Isikilize usiku uleule.

Get Back ya Peter Jackson (2021) inatisha kwa urefu, karibu saa 8 katika sehemu tatu, zote kutokana na picha za The Beatles za Januari 1969. Kama huna muda, itafute sehemu ya kwanza pale John Lennon anapochelewa. Paul McCartney anaikwaruza besi kama gita la kawaida, anaimba maneno ambayo bado hayana maana, George Harrison anapiga miayo. Dakika chache baadaye wimbo uliokipa kipindi jina lake umeshapata umbo. Sijaona penginepo utunzi ukinaswa waziwazi namna hiyo. Kisha ruka hadi sehemu ya tatu, onyesho la juu ya paa la Januari 30, ambalo limeachwa lote bila kukatwa.

Benda Bilili! (2010) ya Renaud Barret na Florent de La Tullaye inawafuata kwa miaka kadhaa wanamuziki wa mitaani wa Kinshasa wa kundi la Staff Benda Bilili, wengi wao waliopooza kwa polio na wanaotembelea baiskeli za magurudumu matatu. Mwangalie kijana Roger na satonge yake: kopo, kijiti kilichopinda na waya mmoja. Akikivuta kijiti waya unakaza, sauti inapanda, akikilegeza inashuka. Kwa waya huo mmoja anashindana na magita.

Kwa Zanzibar, tazama As Old as My Tongue ya Andy Jones (2006) kuhusu Bi Kidude. Sigara na umri wake huivuta kamera kuliko inavyostahili. Wewe kaza macho kwenye mikono yake akiwa na ngoma.

Searching for Sugar Man (2012) naipendekeza kwa sharti. Ni nzuri na ilipata Oscar, ila inamwonyesha Rodriguez, mwimbaji Mmarekani inayemhusu, kama mtu aliyesahaulika kabisa nje ya Afrika Kusini, na haisemi kwamba alifanya ziara Australia mwaka 1979 na 1981. Filamu yoyote inayokuliza sana, linganisha tarehe zake. Soma pia majina ya mwishoni: msanii au familia yake wakiwa miongoni mwa watayarishaji, ujue kuna vyumba ambavyo havikufunguliwa.

Na tafadhali, usizitazame kwa spika ya simu. Waya mnene wa gita la besi hutoa sauti ya takriban Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na spika ndogo kiasi kile haiwezi kuifikia, kwa hiyo nusu ya rumba inapotea. Hata visikizio vya bei rahisi vinatosha. Kwenye runinga, zima mpangilio wa kukuza mazungumzo, kwa sababu huo huudidimiza muziki. Washa maandishi ya tafsiri pia nyimbo zinapoimbwa. Wimbo wa Staff Benda Bilili uitwao Polio unawahimiza wazazi wawapeleke watoto kupata chanjo, na asiyejua Kilingala atauchezea tu bila kujua anaambiwa nini.