Matundu manne au mpasuo mmoja: swali la shangazi wodini

Vitanda viwili vimepakana. Kimoja kijana wa bodaboda wa Chang'ombe hapa Dodoma ametolewa kidole tumbo, mshono wake uko chini kulia urefu kama wa kidole cha kati, siku ya tatu bado anatembea kainama kashika tumbo kama kaficha kitu. Cha pili mama wa makamo anauza mafuta ya alizeti Kibaigwa, katolewa mfuko wa nyongo uliojaa mawe, ana plasta nne ndogo tumboni, kafanyiwa jana na leo anaulizia daktari wa kumruhusu yuko wapi. Ndugu wa kijana wakaangalia huku, wakaangalia kule, shangazi yake akanivuta pembeni: "Mwanangu nesi, kwahiyo sisi kwa sababu hatuna bima ndo mkatupasulia kama mbuzi?"

Nikamwambia hapana shangazi, sio hivo, nikamweleza haraka haraka maana kuna dripu ilikuwa inaisha kitanda cha kona. Ila tangu siku ile swali lake halijanitoka, kwa sababu jibu nililompa lilikuwa nusu. Kuna mahali shangazi yuko sahihi kabisa na kuna mahali amepotea, na siku hizi kila nikipanda daladala nasikia watu wanaongea hivo hivo, kwamba matundu ndo upasuaji wa kisasa na mpasuo ni wa wasio na hela.

Kwa wasioijua hii kitu. Laparoskopi, yani upasuaji wa matundu, tumbo linatobolewa sehemu mbili tatu mpaka nne, tundu moja kama nusu sentimita hadi sentimita hivi, linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi linavimba kama puto, kamera inaingizwa kwenye kitovu alafu daktari anafanya kazi macho yako kwenye skrini. Kinachotolewa ndani ni kile kile. Kidole tumbo kilichotoka kwa matundu na kilichotoka kwa mpasuo vyote vimekatwa kwenye shina moja, kilichobadilika ni mlango wa kuingilia tu. Sa swali ni mlango una umuhimu gani, na hapo ndo inategemea umeingia kufuata nini.

Kwenye mfuko wa nyongo mimi sina ubishi. Carl Langenbuch ndo wa kwanza kuutoa, Berlin mwaka 1882, na kwa miaka mia moja iliyofuata watu walikuwa wanapasuliwa mshazari chini ya mbavu za kulia, na ule mshono ni mateso kwa sababu uko pale pale ambapo ukivuta pumzi panajongea. Mgonjwa anaogopa kuvuta hewa ya kutosha, anaogopa kukohoa, makohozi yanakaa kifuani, mara homa ya mapafu. Nimewahudumia wengi wa hivo, unamsihi akohoe anakuangalia kama adui. Mwaka 1985 Mjerumani Erich Mühe akautoa kwa matundu, wenzie wakamcheka, wengine wakasema tundu dogo ni la daktari mwenye ubongo mdogo, miaka michache baadae dunia nzima ikawa inamfuata. Maumivu yanapungua, mapafu yanapona, mtu anarudi nyumbani kesho yake.

Lakini dunia ilivyokimbilia kule kuna kitu kilipanda. Kuna mrija mkubwa unaoshusha nyongo kutoka kwenye ini, na kuna kamrija kadogo kanakouunganisha na ule mfuko. Kadogo ndo kanatakiwa kukatwa. Kwa mpasuo, mrija mkubwa ulikuwa unaumizwa kimakosa kwa mgonjwa mmoja au wawili kati ya 1,000, kwa matundu ikaja kutajwa watatu hadi watano kati ya 1,000. Kamera inaonyesha picha bapa, mkono haugusi, na pakiwa pamevimba vile virija viwili vinafanana. Kwenye karatasi ni wachache hao. Ila ukimkuta mmoja, macho manjano, mpira unatoa nyongo ya kijani ubavuni wiki ya tatu na bado anasubiri operesheni nyingine kubwa kuliko ya kwanza, utaelewa kwanini mimi ningekuwa na mawe ningechagua matundu bila kusita ila ningemuuliza daktari uso kwa uso, umeshatoa mingapi? Na ningemuuliza swali la pili, ukiona huelewi humo ndani utafungua? Akisema hafungui huwa anamaliza na kamera yake, mimi navaa viatu vyangu naondoka. Kubadilisha kutoka matundu kwenda mpasuo katikati ya kazi sio aibu, wale wazuri wanajua wakati wa kufungua.

Kidole tumbo ni habari nyingine na hapa ndo shangazi kapotea kidogo. Mpasuo wa kidole tumbo ni mdogo toka zamani, Charles McBurney wa New York aliueleza mwaka 1894 na misuli haikatwi, inatenganishwa tu kwa kufuata nyuzi zake. Kijana mwembamba wa bodaboda, tatizo limewahiwa, mpasuo wake hauzidi kidole. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliunganisha tafiti zenye watu zaidi ya 9,000 na yakakuta ni kweli matundu yana faida, kidonda cha nje kinaoza mara chache zaidi, mtu anakaa hospitali kama siku moja pungufu, anarudi kwenye shughuli mapema. Ila majipu ya ndani ya tumbo yalionekana zaidi upande wa matundu. Yani usaha wa nje unapungua, wa ndani unaongezeka kidogo, na wa ndani ndo mbaya. Kwa hiyo hapo faida ipo lakini sio ile ya mfuko wa nyongo, na siwezi kumwambia mtu asubiri siku mbili eti mpaka mtaalamu wa matundu arudi safari. Mtu pekee ambaye ningempigania apate kamera kwenye kidole tumbo ni binti, kwa sababu maumivu ya chini kulia kwa binti yanaweza kuwa uvimbe wa ovari, inaweza kuwa mimba imetunga nje ya kizazi, na kamera inaangalia kote humo bila kuongeza mpasuo.

Alafu kuna suala la usingizi ambalo watu hawalisemi kabisa. Kidole tumbo kwa mpasuo mara nyingi kinaweza kufanyika kwa ganzi ya mgongo, ngiri ndo kabisa. Matundu karibu yote yanataka nusu kaputi kamili, mpira kooni, mashine ya kupumulia, kwa sababu ile gesi inasukuma juu kiwambo cha kifua, ule msuli wa kupumulia, na mgonjwa hawezi kupumua vizuri mwenyewe. Sasa chukua hospitali ya wilaya ambako mtaalamu wa usingizi ni mmoja na usiku huo huo kuna mama anasubiri kujifungua kwa operesheni, umeme unayumba, jenereta hadi mlinzi aamshwe. Ukimpelekea yule daktari kamera ya bei mbaya hujamsaidia, umempa kitu cha kufunika na shuka.

Upande wa pili, wale wanaotaka matundu yafike kila wilaya, nao una hoja nzito na sitaki kuidharau. Wanasema tukisubiri kila wilaya ikamilike hatutaanza milele, na ni kweli, Dodoma hii hii Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo toka 2018, nani miaka ya nyuma angeamini. Mongolia nayo ilikuwa hivo, mwaka 2005 mifuko ya nyongo iliyotolewa kwa matundu ilikuwa asilimia 2 tu, kufika 2013 ikawa asilimia 62, walifundishana wao kwa wao mpaka mikoani. Na kuna hesabu nyingine ya kwetu kabisa. Dodoma mvua ni msimu mmoja. Mtu wa Kongwa au Bahi ukimpasua katikati ya tumbo mwezi wa kwanza ukamwambia wiki sita usinyanyue kizito, usilime, usibebe ndoo, umemwambia mwaka huu hana mavuno. Anapalilia nani? Ataitikia ndio daktari, wiki ya tatu yuko shambani, na baada ya mwaka anarudi ana ngiri kwenye mshono. Kwa mtu kama huyu matundu sio urembo wa kovu, ni debe za uwele. Sasa hivi tunahesabu gharama za kamera kubwa, sawa, ila gharama za yule mtu kukaa kivulini msimu mzima haziandikwi kwenye risiti ya mtu yeyote.

Hata hivo wagonjwa wetu wengi wanaokufa kwa tumbo hawafi kwa sababu ya aina ya mlango. Wanafika wamechelewa. Kaanza kuumwa Jumatatu, kapewa dawa za amiba, Jumatano kaambiwa taifodi, Ijumaa vidonda vya tumbo, Jumapili analetwa tumbo gumu kama ubao, mapigo mia thelathini, midomo imekauka. Huyo anafunguliwa katikati toka juu ya kitovu hadi chini, usaha unanyonywa, ndani kunaoshwa kwa maji ya chumvi lita na lita. Kuna mabingwa wanaweza kuifanya hiyo kwa kamera, siwabishii, ila kwa mazingira yetu mimi nataka afunguliwe na daktari aone kila kona.

Na kinachofuata baada ya hapo ndo kinachonikera. Utafiti mkubwa wa mwaka 2018 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 12,000 wa upasuaji wa tumbo katika nchi 66, kidonda kuingia wadudu nchi zilizoendelea ilikuwa asilimia 9.4, nchi za chini kabisa asilimia 23.2. Hiyo ni karibu mtu mmoja kwa kila wanne. Mwaka 2022 likaja jaribio lingine lililofanyika nchi saba kama Rwanda, Ghana na India, hawakununua mashine yoyote, walichofanya kabla ya kufunga tumbo timu nzima inabadilisha glovu na inachukua vifaa vingine safi, basi. Kidonda kuoza kikashuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Uholanzi nako mwaka 2015 walionyesha kwamba ukifunga tumbo kwa mishono midogo midogo iliyo karibu karibu badala ya mikubwa, ngiri ya kwenye mshono baada ya mwaka inashuka toka asilimia 21 hadi 13. Glovu na uzi! Nimeshakaa thieta (haikuwa hapa, tuishie hapo) nikaomba glovu za pili za kufungia nikaangaliwa kama nimeomba soda.

Ngiri ndo inanifurahisha kuliko zote. Watu wanauza nyumba wafuate matundu na wavu wa dukani, ule wa kuzibia pale ngiri inapotokea, wakati Uganda watafiti waliwagawa wanaume 302, wengine wakawekewa wavu wa kitaalamu, wengine kipande cha chandarua cha mbu kilichosafishwa kitaalamu kwa mvuke kuua wadudu, wote kwa mpasuo wa kawaida. Baada ya mwaka ngiri ilirudi kwa asilimia 0.7 ya wale wa chandarua, wa wavu wa bei mbaya sifuri, tofauti isiyo na maana yoyote. Msiende kukata chandarua cha kitandani tafadhali.

Kwa wanaodhani tundu dogo ni salama siku zote nina moja tu la mwisho, saratani ya mlango wa kizazi, ambayo wanawake wetu inawamaliza. Watu waliamini kuutoa mji wa mimba kwa matundu ni sawa au bora kuliko mpasuo, mpaka jaribio la mwaka 2018 lenye wanawake 631 likaonyesha kinyume, baada ya miaka mitatu waliokuwa hai ni asilimia 99.0 upande wa mpasuo na 93.8 upande wa matundu. Walipona kidonda haraka na saratani ikarudi. Nchi nyingi zikageuza mwongozo.

Shangazi nilimkuta tena kesho yake. Yule mama wa Kibaigwa kumbe hakuruhusiwa jana ile, usiku bega la kulia lilimuuma mpaka akalia, ni ile gesi iliyobaki inachokoza kiwambo na maumivu yanaruka begani, huwa inaisha siku mbili tatu. Alikuwa kakaa kitandani anasema bega linawaka utadhani kabeba gunia la alizeti toka Kibaigwa kwa miguu. Kijana wetu alikuwa kanyooka kidogo, anakunywa uji. Shangazi akamwangalia mama, akazihesabu zile plasta kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, akanigeukia, "kumbe mwenzetu ndo katobolewa mara nyingi."