Noti zetu ziwe na watu, ila wasiwe watawala

Nataka kuiona sura ya mwalimu Sarah Ntiro kwenye noti ya Uganda. Namtaka pia Askofu Mkuu Janani Luwum, Dakta Matthew Lukwiya na mkimbiaji John Akii-Bua. Simtaki rais, awe aliyepo au aliyekwisha kuondoka. Simtaki mfalme, awe kabaka au omukama, simtaki waziri mkuu. Kila ninapolisema hili barazani watu hugawanyika papo hapo, kwa hiyo leo naliandika, kila mmoja alisome hadi mwisho kabla ya kunijibu.

Naishi Busia, upande wa Uganda. Hapa unaweza kununua nyanya kwa shilingi ya Uganda ukarudishiwa chenji ya Kenya, na vijana wanaobadilisha fedha mpakani hushika mabunda ya nchi kadhaa kwa mkono mmoja. Nilifundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na nilikuwa na desturi ya kuwawekea wanafunzi noti mezani na kuwauliza wanamwona nani. Elfu moja ya Tanzania: Mwalimu Nyerere, jibu linatoka hata swali halijaisha. Noti ya zamani ya Kenya: Mzee Kenyatta. Ya Sudan Kusini: John Garang. Kisha naweka elfu hamsini yetu, na darasa zima linasema: gorila.

Sina ugomvi na gorila. Ni fahari ya Bwindi na Mgahinga, na watu wa dunia nzima hufunga safari kuja kumtazama. Kinachoniuma ni kwamba mtoto wa Uganda anaweza kushika fedha ya nchi yake tangu utotoni hadi uzeeni asikutane humo na mtu wa kwao hata mmoja mwenye jina.

Hali hii ina sababu zake, na sababu zenyewe ni nzito. Wakati wa ukoloni noti za Afrika Mashariki zilikuwa na sura ya Mfalme George, kisha ya Malkia Elizabeth. Mwaka 1964 Malkia akaondolewa, mahali pake likawekwa jahazi. Mwaka 1966 nchi zote tatu zikaanza kutoa fedha zao wenyewe. Kenya ikachapa sura ya Kenyatta, Tanzania ikachapa ya Nyerere. Uganda haikuchapa mtawala yeyote. Ukumbuke mwaka huo ulikuwaje kwetu: tarehe 24 Mei jeshi lilivamia Lubiri, kasri la Kabaka wa Buganda, na Kabaka Mutesa II, aliyekuwa rais wetu wa kwanza, akakimbilia Uingereza. Benki Kuu ikafungua milango na kutoa noti zake tarehe 15 Agosti, hata miezi mitatu haijatimia. Ungemweka nani? Sura ya Milton Obote, mtawala aliyelituma jeshi hilo, ingechomwa moto Buganda, na ya Mutesa isingeweza hata kutajwa serikalini.

Subira hiyo haikudumu. Mwaka 1973 Idi Amin alijiweka kwenye noti zote, kuanzia ya shilingi tano hadi ya mia. Wazee wa hapa Busia wanaokumbuka enzi za magendo, sukari na chumvi zilipokuwa zikitafutwa kama dawa, watakuambia kwamba kila mtu aliikimbilia shilingi ya Kenya. Lakini zaidi ya bei kulikuwa na jambo jingine. Mjane ambaye mumewe alichukuliwa usiku akapotea alilazimika kumkabidhi muuza sabuni sura ya mtu aliyeamuru mumewe achukuliwe. Aliibeba kwenye pindo la kanga. Aliihesabu. Aliifundisha mikono ya watoto wake kuihesabu. Amin akang'olewa Aprili 1979, noti zake zikafuatia. Obote akarudi, na mwaka 1983 naye akajitokeza kwenye noti, safari hii ikiwemo ya shilingi elfu moja, huku vita vikiendelea Luwero. Julai 1985 akapinduliwa, na sura yake ikaenda naye.

Watawala wawili walijichapa kwenye fedha yetu, na wote wawili waliondolewa kwa bunduki. Mei 1987, serikali mpya ilipokata sifuri mbili kwenye shilingi na kutoza asilimia 30 kwa kila aliyebadilisha fedha, wananchi walilia sana kuhusu tozo hiyo, lakini noti mpya hazikuwa na sura ya Rais Museveni. Hadi leo hazina. Kwa hilo namsifu bila kusita, na ninaomba atakayemfuata ashike njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo wanaosema tubaki na wanyama na mazao wana hoja. Noti za sasa, zilizotoka Mei 2010, zina swala kwenye elfu moja, samaki kwenye elfu mbili, viota vya ndege kwenye elfu tano, mgomba kwenye elfu kumi, ng'ombe wa Ankole kwenye elfu ishirini, na yule gorila kwenye elfu hamsini. Ni noti nzuri. Lakini anayedhani kwamba mnyama hana kwao hajakaa na watu wa Soroti. Ng'ombe wa pembe ndefu ana kwao. Gorila ana kwao. Matoke yana kwao pia. Niulize mimi, ambaye nyumbani tulikula kalo, ugali wa mtama na muhogo: mtama uko wapi? Simsim ya Acholi na Lango iko wapi? Noti za 2010 zilijaribu kusawazisha kwa kuweka kichwa cha mwanamume aliyevaa pambo la Karamoja kwenye noti zote, pamoja na ramani ya nchi, mikeka na vikapu. Ni jitihada ninayoiheshimu. Hata hivyo, mwanamume huyo hana jina.

Na kuna mtu mwingine asiye na jina kwenye noti hizo ambaye ningependa msomaji achukue elfu tano sasa hivi amtazame. Ni mama aliyemwinua mtoto juu, mtoto amenyoosha mikono, na vitambaa alivyofungiwa vimelegea. Ni ule mnara wa Uhuru ulioko katikati ya Kampala. Aliyeuchonga ni Gregory Maloba, Mkenya mzaliwa wa Mumias, aliyesoma na kufundisha Makerere. Mumias si mbali na hapa nilipo. Uhuru wetu uliwakilishwa na mwanamke asiyejulikana, kwa mkono wa jirani, na hakuna kabila lililowahi kugombana kwa ajili yake. Nimefikiri sana kuhusu mama huyo. Kukubalika kwake kunatokana na anachofanya, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza ukoo wake.

Hapo ndipo penye njia, kwa maoni yangu. Tumekuwa tukianza na swali la nani, na swali hilo likiulizwa kwa watawala wa zamani halina jibu Uganda. Chukua Omukama Kabalega. Alipigana na Waingereza kwa miaka, akakamatwa mwaka 1899 akapelekwa Ushelisheli, akafia Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi Bunyoro. Kwa Munyoro hakuna shujaa zaidi yake. Lakini muulize Mutoro, mtu wa Toro, anayejua jinsi majeshi ya Kabalega yalivyoingia kwao. Au chukua Semei Kakungulu. Kwa wengi wa Buganda ni jemadari hodari aliyeanzisha mji wa Mbale. Kwetu upande huu wa mashariki ni mtu aliyekuja na bunduki kutuweka chini ya Waingereza, na wazee wetu waliishi chini ya machifu aliowaleta wenye lugha nyingine. Siyasemi haya kuwachochea watu. Nimeyafundisha darasani, na nimewaona watoto wa makabila tofauti wakiyasikiliza kwa nyuso tofauti. Mtawala hawezi kuwa mkubwa bila mtu mwingine kuwa mdogo, na mdogo huyo leo ni raia mwenzetu mwenye noti mfukoni.

Katiba yetu inataja makabila 65. Noti ni sita. Hesabu ya mgao haitatoka, hata tukikaa kikao mwaka mzima.

Basi tuanze na tendo. Tukubaliane kwanza ni kazi gani tunaiheshimu kama nchi: kufundisha, kutibu, kusema kweli mbele ya mwenye nguvu, kushindana kwa haki, kulima. Tukishakubaliana, ndipo tuulize nani aliifanya kuliko wengine. Benki Kuu ya Uingereza ilifanya hivyo kwa noti ya pauni hamsini. Mwaka 2018 ilitangaza kwamba safari hii ni zamu ya sayansi, ikaomba wananchi wapeleke majina, na mwaka 2021 noti ya Alan Turing ikatoka. Waingereza nao walibishana, lakini walibishania wanasayansi.

Kwa elimu ninamtaja Sarah Ntiro wa Hoima. Alisoma Makerere wakati wanawake walikuwa wa kuhesabika, akaenda Oxford na kuhitimu mwaka 1954, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada huko. Aliporudi kufundisha, alikuta mwanamke analipwa pungufu ya mwanamume kwa kazi ile ile. Akakataa mshahara huo, akafundisha bila malipo hadi waone aibu. Mimi niliyeshika chaki najua mwisho wa mwezi ulivyo, na bado sijui kama ningeweza.

Kwa kusema kweli, Luwum. Aliuawa tarehe 16 Februari 1977 pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, kwa sababu maaskofu walithubutu kumwandikia Amin kuhusu mauaji. Waingereza wamemchonga kwa jiwe kwenye ukuta wa Westminster Abbey jijini London. Sisi tuna siku ya mapumziko.

Kwa tiba, Lukwiya. Oktoba 2000 wauguzi walianza kufa katika hospitali ya Lacor, Gulu. Yeye alikuwa Kampala masomoni, akaitwa akarudi. Akatambua kwamba ni Ebola, akapanga wodi ya kutengwa, akabaki humo na wauguzi wake. Tarehe 5 Desemba ugonjwa huo huo ukamchukua.

Kwa michezo, Akii-Bua, polisi wa kutoka Lango, aliyekimbia mita 400 za viunzi mjini Munich kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 48, akiwa amepangiwa mstari wa ndani kabisa. Ilikuwa Septemba 1972.

Mwezi huo huo, hapa nyumbani, askari waliingia Mahakama Kuu wakamtoa Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, na hakuonekana tena. Kanuni yangu inamwacha nje, maana alikuwa waziri mkuu kabla ya uhuru na kiongozi wa chama cha DP. Inaniuma. Alikufa kwa ajili ya sheria, na kama kuna mtu anayestahili kuvunjiwa kanuni ni yeye. Lakini nikimfungulia mlango Kiwanuka, wafuasi wa UPC, chama cha Obote, wataniuliza, na watakuwa na haki, kwa nini Obote aliyepokea uhuru wetu abaki nje. Wa Arua na Bombo nao watanitajia Amin, kwa sababu kuna wanaomkumbuka kwa mema. Bora mlango ufungwe kwa wote, hata kwa aliye bora.

Na awe amefariki. Wakimbiaji Joshua Cheptegei na Stephen Kiprotich wametuletea dhahabu, nawaombea maisha marefu, noti zitawasubiri. Marekani walipitisha sheria hii mwaka 1866, baada ya ofisa mmoja wa hazina, Spencer Clark, kuchapa sura yake mwenyewe kwenye noti ya senti tano.

Wakenya walichagua njia nyingine. Katiba yao ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha. Noti mpya zilipotoka Juni 2019 zikiwa na KICC, jumba la mikutano la Nairobi, na sanamu ya Kenyatta mbele yake, Okiya Omtatah, mtu wa Busia ya ng'ambo, akaenda mahakamani kupinga, akashindwa. Naelewa kwa nini walichoka, maana baada ya Kenyatta na Moi walihitaji kupumua. Lakini kufukuza watu wote kwa sababu ya watawala ni kuwapa watawala ushindi mwingine.

Wapo watakaosema wananchi wanataka fedha ya kununua unga, hizi sura ni anasa. Noti huchakaa na kuchapwa upya kila mara. Miundo nayo hubadilishwa ili kuwatangulia waghushi, na ndivyo gavana wa wakati ule, Tumusiime-Mutebile, alivyoeleza mabadiliko ya 2010. Toleo jingine litakuja, tupende tusipende. Na jicho la binadamu hutambua hitilafu kwenye sura ya mtu upesi kuliko kwenye kiota.

Kifungu cha 161 cha Katiba kinaipa Benki Kuu peke yake mamlaka ya kutoa fedha, wala hakisemi nani achorwe. Naiomba benki itangaze tendo kwanza, kisha ifungue daftari kila gombolola, yaani kila kata, Kotido na Kisoro sawasawa na Kampala, majina yaandikwe kwa lugha yoyote anayoijua mwandikaji. Na isianze na elfu hamsini, ambayo wengi wetu huishika kwa nadra. Ianze na elfu moja, inayolipa boda boda, chumvi na dawa ya malaria. Kama hiyo itakuwa noti ya tiba na Lukwiya akachaguliwa, basi upande wa pili wawekwe wauguzi wa Lacor waliokufa naye, kila mmoja kwa jina lake.