Jua halina bei, mkopo ndio wenye bei

Juzi nilizima redio kwa hasira. Mgeni wa kipindi, aliyetambulishwa kama mchumi, alikuwa akieleza kwamba umeme wa jua na upepo ni anasa ya mataifa tajiri, na kwamba nchi yenye kipato kidogo haina budi kuendelea na dizeli na makaa ya mawe mpaka itakapotajirika. Mtangazaji akaitikia tu. Hakumuuliza hata swali moja.

Basi nauliza mimi. Nchi isiyo na kisima cha mafuta itatajirika lini, ikiwa kila mwezi inahangaika kutafuta dola za kulipia meli nyingine? Meli inashusha, mzigo unaungua, moshi unapanda, na hesabu ya meli ijayo inaanza upya. Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipokata mafuta kwa waliokuwa wakiiunga mkono Israeli, bei ya pipa ilipanda karibu mara nne katika miezi michache. Mwaka 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na watu wasio na ugomvi na yeyote wakajikuta wanalipia vita hivyo kila wanapojaza tangi. Utegemezi huo haujawahi kumtajirisha mnunuzi.

Kuna jambo moja nitamkubalia mchumi yule, ingawa kwa shingo upande: umeme wa jua hulipwa mapema. Jenereta ni rahisi kuinunua, kazi ni kuilisha. Paneli gharama yake karibu yote huja siku ya kwanza, kisha kwa miaka 25 hakuna anayekuletea ankara ya jua. Na paneli zenyewe zimeshuka bei kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 2010, kwa hiyo wimbo wa "ni ghali" umepitwa na wakati. Kilicho ghali ni fedha za kuzinunulia. Chukua mkopo wa miaka 25 kwa riba ya asilimia 4, kisha chukua mkopo uleule kwa asilimia 15. Marejesho ya kila mwaka yanazidi mara mbili, ilhali paneli ni zilezile na jua ni lilelile. Mwenye nchi maskini anatozwa riba kubwa kwa sababu ni maskini, halafu anaambiwa jua halimfai!

Hapo ndipo penye vita, na Uruguay iliona mapema. Ni nchi ndogo, watu wake hawafiki milioni nne, haina mafuta. Mabwawa ilikuwa nayo tangu zamani, lakini mvua ikikosekana ilirudi kuchoma mafuta ya kununua. Mwaka 2008 idara ya nishati ikakabidhiwa mwanafizikia, Ramón Méndez, na mwaka 2010 vyama vyote vyenye wabunge vikakubaliana juu ya mpango mmoja. Kisha ikaitishwa minada. Kampuni zikashindana kwa bei, na mshindi akapewa mkataba wa miaka 20 wa kuliuzia umeme shirika la taifa. Mkataba huo ndio ulioleta mikopo, maana benki ikiona mnunuzi wa uhakika kwa miaka 20, na ikaona kwamba uchaguzi ujao hautaufuta mpango, inalegeza masharti. Ndani ya muongo mmoja hivi, zaidi ya asilimia 90 ya umeme wa Uruguay ulikuwa unatokana na maji, upepo, jua na mabaki ya mimea. Hawakusubiri kutajirika kwanza.

Najua usiku jua halipo. Kuna betri, kuna maji ya kuhifadhiwa mchana ili yatumike usiku, kuna jotoardhi mahali ilipo. Najua pia ukame: mwaka 2024 maji ya bwawa la umeme la Kariba yalipungua hadi Zambia ikakaa gizani saa nyingi kila siku. Hilo ni onyo kwa anayeegemea bwawa peke yake, nami nalikubali. Magari nayo bado yanakunywa mafuta, hata huko Uruguay, na umeme safi peke yake hautaondoa meli bandarini. Ethiopia ilipopiga marufuku mwaka 2024 kuingiza magari ya petroli na dizeli wengi walishangaa. Mimi nilielewa: umeme wa mito yao wanao, dola za kununulia mafuta ndizo haba.

Kinachoniuma hasa kiko karibu zaidi. Nyuma ya ukuta wangu kuna fundi wa kushona anayeendesha cherehani zake kwa jenereta. Aliniambia petroli aliyochoma mwaka jana ingetosha kununua jenereta nyingine kadhaa. Akaenda kuomba mkopo wa paneli na betri. Mkopeshaji akamtaka alipe chote katika miezi 12, ilhali paneli zitafanya kazi miaka 25. Akapiga hesabu, akaona marejesho ya mwezi ni makubwa kuliko anachoingiza. Petroli haimwombi dhamana wala mdhamini. Inauzwa kwa lita, kiasi cha fedha alizonazo mfukoni siku hiyo. Ni mtu mwenye akili timamu na hesabu zake ni sahihi. Jana jioni, umeme ulipokatika, nilimwona akitoka na dumu mkononi.