Ganzi ya miguu si uzee tu

Kuna makala inayosema bibi akilalamika ganzi au nyayo kuwaka moto, ni umri tu. Hapana. Kwanza apimwe sukari. Kama tayari anameza metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, aulizie vitamini B12, maana dawa hiyo hupunguza ufyonzaji wake, na upungufu huleta ganzi ileile inayosingiziwa kisukari.

Hapa Kigoma dawa ya upungufu unaotokana na chakula iko sokoni: dagaa. Wana B12 na kalisiamu, ila waliwe wazima, na mifupa yake. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kalisiamu miligramu 1,200 kwa siku. Wa chumvi waloweke, umwage maji, la sivyo vifundo vya miguu vinaweza kuvimba. Ugali wa muhogo upungue, ngumi moja inatosha, nusu ya sahani iwe matembele au mchicha. Muhogo mtupu hauna protini ya maana, na kidonda cha mguu bila protini hakifungi vizuri.

Tahadhari moja: kidole gumba cha mguu kikivimba ghafla na kuwa chekundu, yaweza kuwa gauti, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki, ambao huongezeka hedhi ikikoma. Mwenye hali hiyo apunguze dagaa, aache pombe, aende kituo cha afya.