Maharage ya porini na fukusi wa ghalani

Fungua gunia la maharage lililokaa ghalani miezi minne bila dawa, chota konzi moja. Karibu kila punje ina tundu la duara, na mkononi unabaki unga. Hiyo ni kazi ya fukusi. Mkulima anayelijua hilo huuza kablanketi yake yote (aina ya maharage inayopendwa sokoni) mara tu anapovuna, bei ikiwa chini kabisa, na miezi michache baadaye ananunua maharage ya kula kwa bei ya juu.

Kinga ilipatikana miaka ya 1980 ndani ya maharage ya porini kutoka Meksiko, yenye punje ndogo sana. Yana protini iitwayo aselini. Kiwavi wa fukusi akiila hudumaa na kufa. Maharage yetu ya shambani hayana kitu hicho. Wakulima wa kale wa Amerika walichagua punje kubwa na maganda yasiyopasuka ovyo, na mengine mengi yakabaki porini. Tena aina za punje kubwa zilizoenea Afrika Mashariki ni za kundi la Andes, lenye asili ya milima ya Amerika Kusini, ambalo lina anuwai finyu zaidi ya jeni.

Wanaosita kuihamishia kinga hiyo kwenye maharage ya shambani kwa kuyachanganya na ya porini wana hoja. Ukichanganya na mmea wa porini hupati jeni moja tu. Unapata pia vipunje, mmea unaorandaranda na maganda yanayomwaga mbegu shambani. Kuyaondoa huchukua vizazi vingi vya kurudisha uzao kwa mzazi wa shambani. Isitoshe, aselini humdhibiti vizuri fukusi wa maeneo ya joto, Zabrotes, lakini Acanthoscelides, ambaye hupenda nyanda za juu, haimsumbui sana. Na mfuko usiopitisha hewa huwaua wote wawili, leo hii, bila kusubiri mtafiti.

Hoja ya mfuko ndiyo nzito kuliko zote. Lakini mfuko hununuliwa, na hutoboka. Maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo kinga iliyomo ndani ya punje humfuata mkulima msimu hadi msimu katika mbegu aliyojiwekea mwenyewe. Ndiyo maana naegemea upande wa porini. Wanaoogopa sumu wajue kwamba aselini ni jamii moja na protini zinazofanya maharage mabichi yadhuru tumbo, nazo huharibiwa yakichemshwa vizuri.

Kituo cha utafiti cha Palmira, Kolombia, kinahifadhi sampuli zaidi ya 37,000 za maharage, na mkataba wa kimataifa wa 2001 kuhusu rasilimali za mbegu za mimea ya chakula unatuwezesha kuziomba. Ila jeni hiyo iingizwe ndani ya kablanketi, isije na aina ngeni ya kuifukuza sokoni. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Uyole, Mbeya, wakiijaribu, waanze na sufuria: inaiva haraka? Mchuzi unakuwa mzito? Na katika Nyanda za Juu Kusini bado kuna akina mama wanaopanda maharage ya rangi tano au sita kutoka debe moja. Mbegu hizo nazo zikusanywe na kupimwa mapema, maana Acanthoscelides bado anahitaji kutafutiwa kinga yake.