Sukari ya Asubuhi Haitoshi Kutuhukumu

Kila baada ya miezi miwili huenda kliniki ya sukari hapa Kisumu nikiwa sijatia kitu kinywani tangu usiku, na kila mara kidole changu huchomwa mara moja tu, yapata saa mbili asubuhi, baada ya kungoja zamu yangu kwenye benchi. Tarakimu inayotokea ndiyo inayoandikwa kitabuni, na ndiyo inayoamua kama nitasifiwa au nitakaripiwa. Wakati mmoja mwaka jana ilikuwa 9.1 (milimoli kwa lita), ilhali kabla ya kula natakiwa nisizidi 7. Muuguzi alinichungulia juu ya miwani yake, akaniuliza, "Mwalimu, jana usiku ulikula nini?" Nilimjibu, "Sista, nilikula mboga ya osuga na kipande cha ugali saa moja, kisha nikalala." Hakuniamini, wala simlaumu sana, kwa kuwa hata mimi nilikuwa nimeanza kujishuku.

Nimekuja kuamini kwamba swali hilo, ambalo sisi wenye kisukari cha aina ya pili tunaulizwa daima, huulizwa mahali pasipo pake. Sukari ya alfajiri hutueleza habari za ini kuliko habari za sahani ya jana. Nililithibitisha jambo hilo nyumbani kwa kutega kengele ya simu: saa tisa usiku nilipima nikapata 6.4, na saa kumi na mbili asubuhi, bila kula hata punje, nikapata 8.9. Mwili unapojiandaa kuamka hutoa homoni kama kotisoli na homoni ya ukuaji, na ini huachilia glukosi lililoweka akiba. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho huongeza kidogo insulini, homoni inayoshusha sukari, na mambo yakatulia. Kwetu sisi breki hiyo imelegea. Ndiyo sababu siku niliyochelewesha kiamsha kinywa hadi saa nne, nikidhani njaa itaishusha, nilikuta 10.2. Ndiyo sababu pia metformini, dawa ambayo wengi wetu tunaimeza, kazi yake kubwa ni kulipunguza kasi ini hilohilo.

Wapo wanaosema kwamba sukari ya asubuhi ikiwa juu ni kwa sababu ilishuka mno usiku, na mwili ukaipandisha kupita kiasi. Wazo hilo lilitolewa miaka ya 1930 na mwanakemia Michael Somogyi, lakini vifaa vya kisasa vinavyovaliwa mwilini na kupima usiku kucha vimeonyesha kwamba mara nyingi aliyeshuka usiku huamka akiwa chini. Hata hivyo sipendi kubahatisha. Kipimo kimoja cha saa tisa usiku, hata kikifanywa mara mbili tatu kwa mwaka, humaliza ubishi.

Kitendawili kilichonisumbua zaidi kilitoka Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu. Jumapili moja mama watoto nami tulikwenda ufuoni, tukaagiza samaki aina ya ngege wa kukaanga, ugali na sukuma wiki. Saa mbili baada ya kula, jinsi tulivyofundishwa, nilipima nikapata 7.8, nikafurahi kama mwanafunzi aliyepita mtihani. Kabla ya kulala, takriban saa nne na nusu baada ya chakula, nilijipima tena kwa udadisi tu, nikakuta 12.6. Nilidhani mashine imeharibika. Kumbe mafuta mengi huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo wanga wa ugali ule ulikuwa bado unaingia kwenye damu polepole wakati mimi nilikuwa nimekwisha kujipongeza. Samaki yuleyule akiwa wa mchuzi mwepesi, na donge la ugali lenye ukubwa uleule, kwangu mimi kilele huja kati ya saa moja na saa mbili baada ya kula na kumalizika mapema. Lau ningeendelea kupima saa ileile kila siku, ningeapa kwamba samaki wa kukaanga ndiye dawa yangu.

Halafu kuna uji wa wimbi. Katika ukanda huu wa magharibi, ukisema una sukari, jirani wa kwanza atakwambia uache mahindi na unywe wimbi, tena atakwambia kwa huruma. Nilikunywa. Kikombe kikubwa cha uji, bila sukari kabisa, kilinipandisha kutoka 6.8 hadi 13.1 kwa saa moja, ilhali kipande kidogo cha ugali wa wimbi nilichokula na dagaa wa omena na mboga kilinitoa 6.9 kikanifikisha 9.4. Wimbi ni nafaka nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini unga uliosagwa laini ukachemshwa katika maji mengi hausubiri kutafunwa, na kikombe hakijulikani kimebeba unga kiasi gani. Nimeona pia kwamba nikianza na mboga na samaki, nikamalizia ugali, mpando unakuwa mdogo, na nikitembea dakika kumi na tano baada ya kula, hata kama ni kuzunguka uwanja nikisalimia watu, unapungua tena. Miili haifanani, na tarakimu hizi ni zangu. Za jirani yangu huenda zikasema jambo jingine juu ya uji uleule.

Tusisahau kwamba mashine nayo hukosea. Kanuni ya kimataifa ya vifaa hivi huruhusu tofauti ya hadi asilimia 15 juu au chini kwa sukari inayofika 5.55 au zaidi, kwa hiyo aliyepata 8.0 leo na 8.8 kesho hana sababu ya kusherehekea wala kuomboleza. Joto letu la mchana ni adui wa stripu, vile vibanzi vya kupokea tone la damu, na kopo lililosahauliwa dirishani au ndani ya gari halifai kuaminiwa. Siku moja nilipata 17.2 nikaingiwa na baridi, kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa nimemenya embe muda mfupi uliopita; nilinawa kwa sabuni, nikajikausha, nikachoma kidole kingine, nikapata 8.3.

Lililo zito kuliko yote ni kushuka. Nilipokuwa bado natumia glibenklamidi, dawa inayolisukuma kongosho litoe insulini, nilimeza kidonge asubuhi nikaenda matangani upande wa Siaya, ambako hotuba zilirefuka na chakula kikaja saa kumi jioni. Mikono ilitetemeka, jasho likanitoka, na aliyekuwa kando yangu akadhani namlilia marehemu. Mashine ilisoma 3.2. Vijiko vinne vya sukari katika maji viliniokoa baada ya kama dakika kumi na tano, lakini chakula kilipofika nilikila kwa pupa, na usiku nikapata 14. Mtu akiona 14 hiyo peke yake atasema nimevunja masharti. Vidonge vya namna hiyo, kama ilivyo kwa insulini, havingoji upate sahani. Anayevitumia asibadili saa za kula bila kuzungumza na daktari wake, na asitoke nyumbani bila kitu kitamu mfukoni.

Stripu ni ghali, nami hununua zangu kwa pesa za pensheni. Ndiyo maana nazitumia kwa jozi: moja kabla ya mlo, nyingine saa mbili baadaye, mlo uleule kwa siku mbili au tatu, nikiandika daftarini chakula, kiasi, saa, dawa na kama nilitembea. Mlo wa mafuta naongezea stripu ya tatu saa nne baadaye. Lengo nililopewa ni kati ya 4 na 7 kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya saa mbili, ingawa wazee kuliko mimi na akina mama wajawazito huwekewa malengo mengine. Jozi tatu kwa wiki zimenifundisha mengi kuliko miaka ya kuchomwa kidole kimoja asubuhi, na kipimo cha damu cha wastani wa miezi mitatu, chenye faida zake, hakiwezi kuniambia ni mlo upi ulionipandisha.

Mwezi uliopita nilikwenda na daftari hilo kliniki. Asubuhi hiyo nilikuwa 8.7. Sista alikaribia kuniuliza lile swali, kisha akaniomba daftari, akafunua hadi ukurasa wa Dunga, akausoma kimya. "Mwalimu," akasema, "huyu ngege alikuwa wa kukaanga mkavu, au alirudishwa kwenye mchuzi?"